Nyama Nyekundu, Mtindo wa Maisha na Kitambi: Funzo la Njia ya Misafara

Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kati ya Tabora na Bagamoyo wakibeba mizigo ya takribani kilo 30 kila mmoja. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912. Leo safari hiyo hufanywa kwa kukaa kitini.

Nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe huupa mwili protini na madini ya chuma. Hata hivyo, utafiti uliofanyika China umehusisha ulaji wa nyama nyekundu yenye mafuta mengi na kitambi, hususan kwa wanaume. Mafuta ya tumboni huongeza hatari ya kisukari, shinikizo la juu la damu na magonjwa ya moyo.

Kiuno hupimwa kwa utepe, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke ni dalili ya tahadhari. Anayezifikia anashauriwa kufika kituo cha afya.

Wataalamu hushauri nyama nyekundu iliyopikwa isizidi gramu 500 kwa wiki, pamoja na kutembea kwa haraka angalau dakika 150, yaani chini ya nusu saa kwa siku.