Kitabu Pepe: Kinaazimwa, Kinakodiwa au Kinanunuliwa?

Jirani akija kuomba kikombe cha sukari, anakopa. Akija kuomba jembe, anaazima. Hatukufundishwa tofauti hii darasani, lakini mzungumzaji wa Kiswahili haikosei. Sukari italiwa, na itakayorudi ni nyingine ya kipimo kilekile. Jembe litarudi lilelile, na mpini wake uleule. Fiqhi ya Kiislamu nayo inayatenga mambo haya mawili, kardhi na ariya, kila moja na masharti yake. Ndiyo maana maktaba haikopeshi vitabu. Maktaba inaazimisha.

Tofauti hiyo inatufaa sana wakati huu ambapo shule zinashawishiwa kuingiza vitabu visivyo na karatasi: mwanafunzi anakifungua kitabu kwenye kompyuta, simu au kishikwambi, anakaa nacho wiki mbili, na siku zikitimia kinafungika chenyewe. Jambo hili linahitaji jina la kitu na jina la tendo. Jina la kitu limekaribia kutulia. Jina la tendo bado, na tukilikosea, hasara haiishii kwenye kamusi. Inafika kwenye bajeti ya shule.

Tuanze na kitu. Majina yanayoshindana ni mengi. Kuna “kitabu cha kielektroniki”, sahihi lakini refu. Mwalimu akilitamka mara tatu katika kikao, mara ya nne atalikata. Kuna “kitabu cha kidijitali”. Hili lina mzigo wake. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya zamani, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, neno dijitali liliingia mitaani likiwa na maana ya “kisasa”, na analojia likawa jina la mtu aliyepitwa na wakati. Tangu hapo, kukiita kitabu “cha kidijitali” ni kama kukisifu kabla hakijasomwa, na kukidharau cha karatasi ambacho hakijakosa lolote.

Kuna pia “kitabu mtandao”. Hili linapotosha. Kitabu cha aina hii hakihitaji mtandao ili kisomeke. Kinauhitaji wakati wa kukipakua tu, na hata hapo kinaweza kuhamishwa kutoka kifaa hadi kifaa kwa waya. Shule ambayo mtandao hauonekani ila ukipanda kilimani, ikisikia “kitabu mtandao” itadhani haihusiki, kumbe mwalimu angeweza kupakua vitabu mjini akarudi navyo.

Wengine wamechukua herufi “e” ya Kiingereza na kuitanguliza, kama ilivyo katika jina la kampuni ya Nairobi, eKitabu, inayosambaza vitabu vya aina hii mashuleni. Kwa jina la biashara haina neno. Kwa istilahi, inagongana na sarufi: nomino ya Kiswahili hutanguliwa na kiambishi cha ngeli, na wingi huanzia hapohapo. Tukisema “evitabu”, kiambishi kimebanwa katikati, mahali ambapo sikio la Mswahili halikitafuti.

Limebaki “kitabu pepe”, nami nasimama nalo. Limeundwa kwa mfano wa barua pepe, ambayo leo inajulikana mpaka kwa mtu asiyekuwa nayo. Wingi wake ni mwepesi, vitabu pepe. Pingamizi nililowahi kulisikia lina uzito: kwa mkulima wa mpunga, pepe ni punje tupu, ganda lisilo na kiini, na kitabu pepe kinaweza kusikika kama kitabu kisicho na kitu ndani. Lakini barua pepe ilivuka mtihani huohuo. Hakuna anayeifungua akitarajia ganda. Neno likishazoeleka katika kazi yake, maana nyingine hukaa pembeni.

Hata hivyo jina lisitumike ovyo. Kurasa zilizopigwa picha kwa simu na kuunganishwa kuwa faili la PDF si sawa na kitabu pepe kilichoandaliwa. Umbo la PDF, lililotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, hushikilia ukurasa ulivyo: kwenye skrini ndogo ya simu mwanafunzi analazimika kuusogeza huku na huku mstari baada ya mstari. Umbo la EPUB, lililokuja mwaka 2007, huyaacha maneno yajipange upya kulingana na upana wa skrini, na herufi zinakuzwa bila kupoteza mstari. Kwa mwanafunzi mwenye uoni hafifu hiyo ndiyo tofauti kati ya kusoma na kutosoma. Kwa asiyeona kabisa, maandishi yaliyoandaliwa vizuri yanaweza kusomwa kwa sauti na kifaa; picha ya ukurasa, kwa kifaa hicho, ni karatasi nyeupe mpaka maneno yake yatambuliwe kwanza. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, uliofungua njia ya kuwatengenezea wasioona nakala wanazoweza kuzisoma, umeridhiwa na Kenya na Tanzania. Mkutubi anayepokea PDF ya picha na kuiita kitabu pepe amewafungia nje wanafunzi hao bila kujua.

Sasa tendo. Wengi husema “uazimaji wa kidijitali”. Neno uazimaji ni zuri, na lina faida ambayo hatuitaji mara kwa mara: kitenzi azima kinasimama pande zote mbili. “Niazime kalamu” ni kuomba, “nimeazima kalamu” ni kupokea. Tatizo liko kwenye nusu ya pili. Shule ikifunga programu ya maktaba kama Koha, iliyozaliwa New Zealand na sasa inatumika katika vyuo vyetu kadhaa, mkutubi anaacha daftari na kuandikisha uazimaji kwenye kompyuta. Vitabu ni vya karatasi vilevile, lakini mkuu wa shule atatangaza kwa haki kabisa kwamba shule yake ina uazimaji wa kidijitali. Jina moja kwa mambo mawili ni jina bovu. “Uazimaji wa vitabu pepe” halina utata huo: linataja kinachoazimwa.

Lakini je, kinaazimwa kweli? Azima ina masharti ambayo wote tunayajua. Kitu kinatoka mkononi mwa mwenyewe, kwa hiyo muda huo hana. Mwazimaji anakitumia bila kukimaliza. Kisha kinarudi kilekile. Faili la kompyuta kwa asili yake halitimizi la kwanza wala la mwisho: ukimpa mwenzako, unalo bado, na yeye analo. Huko si kuazimisha, ni kunakili. Ili faili liazimike, wachapishaji wamelifunga kwa kufuli ya dijitali. Nakala inayopakuliwa imefumbwa, na programu ya kusomea hupewa ufunguo wenye tarehe ya mwisho. Siku 14 zikipita, ufunguo unakufa. Faili linaweza kuwa limebaki kwenye simu, lakini halifunguki. Wakati huohuo mfumo wa maktaba unahesabu: shule ina nakala moja, nakala imetoka, mwanafunzi wa pili apange foleni. Hivyo ndivyo zinavyofanya kazi huduma kama OverDrive ya Marekani, ambayo programu yake ya wanafunzi inaitwa Sora. Foleni ya watu wanaosubiri faili inaonekana ajabu, lakini foleni hiyo ndiyo inayofanya tendo listahili kuitwa kuazima.

Mwaka 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililotoka Uholanzi, iliamua kwamba kuazimisha kitabu pepe kunaweza kuhesabiwa sawa na kuazimisha cha karatasi, iwapo nakala inatumiwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja na haifunguki muda ukiisha. Majaji walitafuta masharti yaleyale ya jembe. Marekani mambo yalikwenda vingine. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ilikuwa ikichukua vitabu vya karatasi, ikivigeuza kuwa faili na kuviazimisha, faili moja kwa kila nakala iliyomo rafuni. Machi 2020, shule na maktaba zilipofungwa kwa janga la korona, ilikiondoa kikomo hicho kwa muda. Wachapishaji wanne wakubwa waliishtaki. Ilishindwa mwaka 2023, na rufaa yake ikakataliwa Septemba 2024. Mahakama haikuukubali hata ule utaratibu wa faili moja kwa kila nakala. Hizo si sheria za kwetu. Tanzania ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 1999 na Kenya ya 2001. Ila mwalimu anayefikiria kupiga picha kitabu kizima cha fasihi na kukituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa asijidanganye kwamba anaazimisha.

Kwa hiyo upande wa mwanafunzi na maktaba, nakubali, ni kuazima. Upande wa maktaba na mchapishaji ndiko ninakolia na maneno yetu. Tunasema shule “imenunua” vitabu pepe 200. Mara nyingi haikununua. Kitabu cha karatasi ukishakilipia ni chako: utakiazimisha miaka 20, utakitia gundi kikichanika, utakigawa kwa shule jirani. Kitabu pepe huja na leseni, na leseni ina mipaka. Mwaka 2011 HarperCollins iliziambia maktaba za Marekani kwamba kitabu chake pepe kikishaazimwa mara 26, kinatoweka na maktaba inunue upya. Hesabu yake ilikuwa kwamba kwa wiki mbili kila mara, hiyo ni karibu mwaka mmoja. Penguin Random House, iliyokuwa ikiziuzia maktaba leseni zisizo na mwisho, mwaka 2018 ilihamia kwenye leseni za miaka miwili. Macmillan mwishoni mwa 2019 iliziruhusu maktaba nakala moja tu ya kila kitabu kipya kwa wiki nane za mwanzo, maktaba zikasusa, na Machi 2020 ikauondoa utaratibu huo.

Kulipia kitu ili ukitumie kwa muda, kisha kirudi kwa mwenyewe au ulipe tena, Kiswahili kinakuita kukodi. Tunakodi baiskeli, turubai, viti vya harusi. Hakuna kamati ya harusi inayoandika kwamba imenunua viti. Basi shule inakodi kitabu pepe kwa mchapishaji na kukiazimisha kwa mwanafunzi. Ni matendo mawili yenye vitenzi viwili, na lugha yetu inavyo vyote tayari. Hatuhitaji kuunda neno hata moja.

Kwa mtu binafsi nako “kununua” kunayumba. Julai 2009 Amazon ilifuta kutoka mbali nakala za vitabu viwili vya George Orwell kwenye vifaa vya Kindle vya watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Fedha zilirudishwa, na kampuni ikaomba radhi. Lakini mwanafunzi mmoja wa sekondari wa Michigan alikuwa ameandika maelezo yake ya somo juu ya kimojawapo, na maelezo yale yakabaki bila kurasa yalizokuwa yakizungumzia. Hakuna mtu anayeingia chumbani mwako usiku kuchukua kitabu cha karatasi ulichokilipia.

Lipo kundi la tatu, nalo ndilo ningependa shule zetu zianzie. Ni vitabu huria. Michael Hart alipochapa kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1971 maandishi ya kwanza ya mradi wa Gutenberg, wa vitabu pepe vya bure, alichagua kazi isiyofungwa na hakimiliki. Leo African Storybook, uliozinduliwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na leseni yake inaruhusu kupakua, kuchapa, kutafsiri na kubadili. Hapo neno kuazima halina kazi. Hakuna foleni, hakuna siku 14. Darasa la wanafunzi 60 linaweza kuwa na nakala 60 asubuhi moja. Vitabu vya kiada vilivyomo katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania navyo haviazimwi. Vinafunguliwa na kusomwa, bure.

Darasa la watu 60 ndilo linalofichua mkataba mbovu. Leseni ya nakala moja, msomaji mmoja inafaa kwa riwaya ya kusoma jioni. Kwa kitabu teule ambacho darasa zima lazima liwe nacho wiki hiyohiyo, mwanafunzi wa mwisho kwenye foleni atakipata mtihani ukiwa umekwisha. Kwa vitabu hivyo iombwe leseni ya matumizi ya pamoja, au vinunuliwe vya karatasi. Na vifaa? Vishikwambi vilivyotumiwa na makarani katika Sensa ya 2022 baadaye viligawiwa kwa walimu wa Tanzania, hatua njema, lakini kifaa kilicho mkononi mwa mwalimu hakimfanyi mwanafunzi kuwa msomaji.

Ombi langu kwa wakuu wa shule na wakutubi ni moja, na halihitaji fedha. Kwenye daftari mnaloorodheshea vitabu, ongezeni safu moja, na mbele ya kila kitabu pepe muandike neno moja kati ya matatu: kimenunuliwa, kimekodiwa, huria. Kilichokodiwa kiandikwe na tarehe ya mwisho au idadi ya kuazimwa iliyobaki. Muuzaji akishindwa kuwaambia kwa maandishi ni neno lipi kati ya hayo, msitie sahihi.