Makuzi Yaliyoachwa Njiani

Mwambie mzee wa Kamachumu, wilayani Muleba, mkoani Kagera, kwamba kumekuja mradi wa “maendeleo chanya ya vijana”, naye atakuuliza: “Waitu, wanatoa mkopo au wanatoa pikipiki?” Hajakosea, amejibu alichokisikia. Tangu uhuru “maendeleo” masikioni mwake ni barabara, bomba la maji, zahanati na mchango wa darasa. “Maendeleo ya vijana” ni ofisi ya halmashauri na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aliyekosea ni mfasiri aliyeitoa dhana hii kwenye Kiingereza.

Dhana yenyewe ilikomaa Marekani katika miaka ya 1990, nayo ilizaliwa na ugomvi. Mwaka 1904 mwanasaikolojia G. Stanley Hall alichapisha kitabu kilichowazoeza wasomi kuuona ujana kama msimu wa dhoruba, na kwa muda mrefu programu za vijana zikawa za kuzuia: asipate mimba, asivute bangi, asiibe. Kijana bora akawa yule ambaye hajafanya jambo. Waliopinga waliuliza swali jingine kabisa: huyu ana nini tayari, na nani yuko karibu naye? Search Institute ya Minneapolis ikatengeneza orodha ya vitu 40 ambavyo kijana anavihitaji ili akue vizuri, 20 kutoka kwa watu wanaomzunguka na 20 vilivyo ndani yake mwenyewe. Richard Lerner wa Chuo Kikuu cha Tufts naye akaeneza mambo matano, ambayo kwa Kiingereza yote huanza na herufi C: umahiri, kujiamini, mahusiano, tabia njema na kujali wengine. Yakikamilika, husemwa, huzaa la sita, yaani mchango wa kijana kwa jamii yake. Kwa Kiswahili herufi zinapotea, na sioni hasara. Sisi la nne na la tano tungeweza kuyafunga pamoja kwa neno moja tu, utu.

Tulitazame “chanya”. Wengi tulikutana nalo kwenye hesabu, pamoja na mwenzake hasi. Baadaye likasambaa: mtazamo chanya, mabadiliko chanya, matokeo chanya, mpaka likachakaa na kubaki na maana ya “-zuri” tu. Kagera lina mzigo wa ziada. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983, wakati wenyeji wakiuita ugonjwa huo Juliana, na tangu vipimo vilipoenea hakuna mtu wa Bukoba anayefurahi kuambiwa yuko “pozitivu”. Hata hivyo sitalitupa neno hili. Darasani namba chanya haikuwa namba nzuri. Ilikuwa namba iliyo juu ya sifuri. Hapo ndipo dhana ilipo. Kijana anayeingia ukumbini haanzii sifuri, ana kitu mkononi, na kazi ya programu ni kujumlisha.

Kwa hiyo ugomvi wangu uko kwenye neno la kwanza. Kiingereza kina neno moja kwa nchi inayoendelea na mtoto anayekua. Kiswahili kimegawa kazi hiyo: ukuaji wa mwili, malezi anayoyatoa mlezi, makuzi anayoyapitia mtoto mwenyewe, na maendeleo. Serikali inalijua hilo. Programu ya taifa ya watoto wa hadi miaka 8, iliyozinduliwa Desemba 2021, iliitwa kwa ukamilifu Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Yakatajwa yote matatu! Kisha mtoto yuleyule akifika miaka 15 na kuingia katika sera ya vijana, malezi na makuzi yanaachwa njiani, anabaki na maendeleo peke yake, kana kwamba ameshakua.

Tofauti hii si ya kwenye makaratasi. Mfikirie mvulana wa miaka 16 anayevuka kutoka pwani ya Muleba kwenda visiwa vya Bumbire au Goziba kuvua dagaa kwa taa, usiku usio na mbalamwezi. Msimu ukiwa mzuri anashika fedha kuliko mwalimu wake wa zamani. Hana mtu mzima wa kumuuliza amelala wapi, wala wa kumwambia amekosea bila kumfukuza kazini. Huyo ana maendeleo, hana makuzi. Mwongezee mkopo, umemwongezea alichonacho.

Kilichokosekana pale kiliwahi kutengenezwa hapa hapa, kilomita chache kutoka ziwani. Mwaka 1997 huko Nshamba, Muleba, ulianza mradi wa Humuliza kwa ajili ya yatima wa UKIMWI. Jina ni la Kihaya, “liwaza, tuliza moyo”, na mradi ulifuata jina: kabla ya mabati na madaftari, ulishughulika na huzuni, ukawafundisha walimu kumtambua mtoto anayebeba msiba kimya darasani. Kutoka humo yatima wakubwa wakaunda chama chao, wakiendesha mambo yao wenyewe na kusaidiana. Wakakiita Vijana Simama Imara. Mwalimu wa sarufi angesahihisha, “simameni”. Mimi ningewaacha, maana kitenzi kimoja chao kinaieleza dhana hii kuliko semina ya siku tatu yenye soda na posho. Kina mtendaji, na mtendaji ni kijana.

Pendekezo langu, basi, ni “makuzi chanya ya vijana”. Najua litapingwa: vijana wa miaka 30 watasema wanafanywa watoto. Pingamizi lina uzito, lakini linahusu umri wa sera, unaomweka wa 15 na wa 35 kwenye kapu moja. Faida ya “makuzi” ni maswali yanayolifuata. Maendeleo huulizwa ni vikundi vingapi vimekopeshwa. Makuzi huulizwa nani yupo, amekaa muda gani, kijana amepewa jukumu gani la kweli, na mradi ukifungwa mwezi Juni nani atabaki Nshamba.

Kizanaki kilitupa “ng’atuka”, Kisambaa kikatupa “kitivo”. Wasomaji wa Bukoba na Muleba, kama Kihaya kina neno linalolibeba hili vizuri kuliko “makuzi”, tuleteeni kabla “maendeleo chanya” halijachapishwa kwenye fulana nyingine.