Safu ya Lugha: Lebo si chapa

Fundi wa tovuti akimwambia muuza vyondo wa soko la Kariokor kwamba ataitia bei "chapa" ili Google iielewe, amepotoka. Chapa, tuliyoipata kwa Wahindi, ni muhuri: hupigwa kwenye ng'ombe au bidhaa kumtaja mwenyewe, na kitabu nacho hupigwa chapa. Alama, ya Kiarabu, ni ishara yoyote, hata mkwaruzo. Anachotaka fundi ni lebo, mkopo wa Kiingereza: maneno yanayosema kitu ni nini. Kompyuta ikikuta 1500 haijui kama ni bei, mwaka au namba ya nyumba. Lebo ndiyo huiambia.

Wakubwa wa mtandao wenyewe waliwahi kuvutana juu ya lebo hizi. Mwaka 2011 Google, Microsoft na Yahoo walianzisha msamiati wa pamoja, schema.org, wakapendekeza uandikwe kwa mtindo wa maikrodata. Wafuasi wa RDFa, mtindo mwingine wa kuandika lebo hizo, wakang'aka. 2012 ikatoka RDFa Lite, nyepesi zaidi. Kisha JSON-LD, inayokusanya lebo zote mahali pamoja, ikapendwa na wengi. Fundi, chagua mtindo uutakao, ila mwambie mteja unamwekea lebo.