Dawa Iliyopimwa kwa Maumivu

Mwaka 1996 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa ya saratani ya kongosho ambayo kwa hesabu ya miezi haikuwa na la kujivunia. Katika utafiti wa wagonjwa 126, nusu ya waliopewa dawa ya zamani, fluorourasili, walifariki ndani ya miezi 4.4. Kwa waliopewa dawa mpya, gemsitabini, ilikuwa miezi 5.7. Kilichoipa ushindi ni jambo jingine: wagonjwa walijisikia nafuu.

Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, na saratani yake mara nyingi hugundulika ikiwa imeshafika kwenye ini. Mgonjwa huja amekonda, chakula hakisagiki, maumivu yamepenya hadi mgongoni na usiku halali. Fluorourasili ilikuwapo tangu mwaka 1957 na haikuwa imebadili mengi. Hata kupima kama uvimbe umepungua kulikuwa kazi ngumu, kwa vile kingo zake hazionekani vizuri kwenye picha.

Ndipo waendeshaji wa utafiti huo wa gemsitabini, madaktari Howard Burris, Daniel Von Hoff na wenzao, walipoamua kumpima mgonjwa badala ya uvimbe. Wagonjwa waliandika kiwango cha maumivu yao, na dawa za kutuliza walizomeza zikahesabiwa kwa miligramu za mofini. Uwezo wa kujihudumia ulipewa alama, na uzito ukafuatwa kwenye mizani. Ili mtu ahesabiwe kuwa amefaidika, nafuu yake ilipaswa kudumu angalau wiki nne bila kingine kuharibika: maumivu yapungue kwa nusu, kwa mfano, au alama za uwezo zipande kwa 20. Waliofikia hapo kwa gemsitabini walikuwa asilimia 23.8, kwa fluorourasili, 4.8. Kwa maneno mengine, zaidi ya watatu katika kila wanne hawakupata nafuu hiyo hata kwa dawa bora, na hilo halikupigiwa ngoma sana.

Alama hizo za uwezo hazikuwa ngeni. Daktari David Karnofsky wa New York alizitunga na wenzake miaka ya 1940, walipokuwa wakijaribu dawa zilizotokana na gesi ya sumu ya vita. Mtu mwenye 100 hana dalili yoyote. Mwenye 70 anajihudumia lakini hawezi kwenda kazini. Mwenye 50 anahitaji msaada mara kwa mara. Ila anayetoa alama ni daktari.

Mwaka 2011 watafiti Wafaransa wakiongozwa na Thierry Conroy walileta FOLFIRINOX, mchanganyiko unaotolewa kila baada ya wiki mbili, sehemu yake ikiingia mwilini kwa pampu kwa saa 46. Nusu ya wagonjwa walifikisha miezi 11.1, dhidi ya 6.8 kwa gemsitabini. Gharama yake ilionekana wazi: chembe nyeupe za damu kushuka vibaya, kuhara, ganzi ya vidole. Oksaliplatini iliyomo humfanya mgonjwa ahisi kuchomwachomwa na pini akishika tu glasi ya maji baridi.

Wengi walitarajia kwamba miezi hiyo imenunuliwa kwa mateso. Lakini safari hii wagonjwa wenyewe walikuwa wamejaza dodoso la Ulaya la maswali 30: umelalaje, unapata choo, una wasiwasi, unaweza kutembea? Majibu yalipochapishwa mwaka 2013, ubora wa maisha ulikuwa umeporomoka moja kwa moja, ndani ya miezi sita, kwa asilimia 66 ya waliotumia gemsitabini na asilimia 31 tu ya waliotumia FOLFIRINOX. Ugonjwa wenyewe, ukiachwa uendelee, ulitesa kuliko dawa kali.

Takwimu hizo zina mipaka yake, na familia nyingi huielewa wakiwa tayari wodini. Utafiti wa Conroy ulipokea wagonjwa wasiozidi miaka 75, wenye nguvu za kutosha na ini linalofanya kazi vizuri. Mzee wa miaka 80 anayeshinda kitandani hakuwamo, na kwake madaktari wengi bado huandika gemsitabini peke yake, au mofini bila kemo yoyote.