Farasi wa Karatasi

Jamaa mmoja wa Ziwa alirudi kutoka Nairobi na karatasi. Alikuwa amepeleka Subaru Forester yake ya tabo ipimwe kwenye daino. Karatasi ilikuwa na mistari miwili mikubwa iliyopanda kama mlima, na namba iliyozungushiwa wino: farasi 241. Kwenye kibanda cha chai ilipita mkono kwa mkono hadi ikapata doa la mafuta ya mandazi. Wiki haikuisha kabla hajapitwa mlimani na Subaru nyingine ya aina hiyohiyo, ambayo haijawahi kupimwa na mtu. Labda ni dereva. Tulicheka tu.

Mzee mmoja anayelima mahindi hakucheka. Aliuliza, "Sasa kijana, hao farasi wengine walibaki Nairobi?" Kisha akasema hata yeye aliuziwa trekta ya farasi 75, na tangu siku hiyo anawatafuta.

Swali lake ni la zamani kuliko magari. Miaka ya 1780, James Watt alikuwa anauza injini za mvuke kwa watu waliozungusha mitambo yao kwa farasi. Mteja hakutaka fizikia, alitaka kujua atawapumzisha farasi wangapi. Watt akaamua kwamba farasi mmoja hufanya kazi ya pauni-futi 33,000 kwa dakika, takriban wati 746 kwa kipimo cha leo. Farasi wa kawaida hawezi kushikilia mwendo huo siku nzima. Kwa hiyo kipimo chenyewe kilizaliwa sokoni, na tabia za soko hakijaziacha.

Ili kupima kweli, lazima uizuie injini. Ikizunguka bure haikuambii kitu. Mwaka 1821 Mfaransa Gaspard de Prony alibana mhimili wa mtambo kwa vipande vya mbao, akafunga mti mrefu kando, akaning'iniza uzani kwenye ncha. Mti ukitulia, umejua msokoto. Zidisha kwa mizunguko, umepata nguvu. Mwaka 1877 Mwingereza William Froude akatumia maji badala ya mbao, kwa ajili ya injini za meli kubwa. Zile rola ambazo Forester ilifungwa juu yake kwa mikanda, feni ikiipulizia usoni, gia ya nne, mguu chini kabisa, ni wajukuu wa mti wa Prony. Rola hupima kinachofika kwenye magurudumu, baada ya giaboksi na difu kula sehemu yao.

Lakini mtu ninayempenda zaidi katika historia hii ni mkulima wa Nebraska, jimbo la mahindi huko Marekani, aliyeitwa Wilmot Crozier. Enzi zake kampuni za matrekta zilichipuka kama vibanda vya M-Pesa. Crozier alinunua trekta iliyoitwa Ford, kumbe ni ya kampuni ya Minneapolis isiyo na uhusiano wowote na Henry Ford. Ikamwangusha. Akanunua Bull, nayo ikamwangusha. Ya tatu, Rumely, ikafanya kazi iliyoahidiwa, na nadhani hiyo ndiyo iliyompandisha hasira, maana sasa alijua inawezekana. Alipoingia bunge la jimbo akashirikiana na seneta Charles Warner, na mwaka 1919 sheria ikapita: trekta mpya isiuzwe Nebraska kabla mfano wake haujapimwa na chuo kikuu cha jimbo, na matokeo yawe wazi kwa kila mtu. Ya kwanza kupita, mwaka 1920, ilikuwa Waterloo Boy. Matangazo kadhaa yalianguka palepale.

Kuna uongo wa upande wa pili pia. Kuanzia 1989 hadi 2004 kampuni za Japani zilikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari la zaidi ya farasi 280. Injini ziliendelea kukua, vijitabu vya mauzo vikabaki palepale.

Sasa turudi kwetu. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari, na Ziwa haiko mbali na hapo. Injini isiyo na tabo (si Turbo ya njia ya Webuye) huvuta hewa iliyopo, na yetu ni nyepesi kwa kama moja ya tano. Wakimbiaji wetu miili yao huzoea, injini haizoei. Ile trekta ya mzee, kama haina tabo, farasi karibu 15 walibaki bondeni. Shambani hiyo inaweza kuwa tofauti ya plau ya diski tatu na ya diski mbili, na mvua ya Machi haimsubiri mtu.

Daino inajua habari hii. Hupima joto na shinikizo la hewa, kisha huongeza matokeo yafanane na ya karibu na bahari, ili gari la Nairobi na la Mombasa yalinganishwe. Kwa mwinuko wa Nairobi nyongeza inaweza kupita asilimia 20. Shida ni kwamba tabo hujisukumia hewa yenyewe, kwa hiyo unamlipa fidia mtu ambaye hakuibiwa sana.

Nikaomba ile karatasi. Chini, kwa herufi ndogo, kulikuwa na namba isiyozungushiwa wino: 197. Fundi hakuficha kitu. Na chini yake kulikuwa na mstari mwembamba ambao hakuna aliyeutazama, wa uwiano wa hewa na mafuta. Ulitembea vizuri kwenye 11, halafu baada ya mizunguko 5,500 ukapanda kuelekea 13. Yaani mafuta yanapungua pale ambapo moto ni mkali zaidi. Ndivyo pistoni zinavyopasuka.

Nikamwonyesha kwa kidole. Akanyamaza, akaikunja karatasi taratibu, akauliza pampu ya mafuta ni pesa ngapi.

Mzee naye akataka kujua kama mashine hiyo inaweza kupima trekta. Nikamwambia trekta haihitaji rola, inapimwa kwenye ule mhimili wa nyuma unaozungusha mashine za shamba.

"Wapi hapa karibu?"

Tukaangaliana. Akaagiza chai nyingine.