Kisu cha Springi, na Kosa Nililoandika Ubaoni

Nimekuwa kimya tangu nitoke field Sengerema. Wanaouliza kama boom limekata, ndiyo, nimefulia kabisa, ila sababu siyo hiyo. Kuna swali niliulizwa kule likanikaa kooni, na nilitaka kulisoma kidogo kabla sijaandika hapa.

Nilikuwa nafundisha Historia kidato cha kwanza, mada ya viwanda vya Afrika kabla ya ukoloni. Nikaandika ubaoni kwa Kiingereza kizuri tu, halafu nikafafanua kwa Kiswahili: wakoloni wakaleta bidhaa za viwandani, uhunzi wetu ukafa. Kijana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, babu yangu ni mhunzi. Kwani amekufa?" Darasa likaangua kicheko. Mimi nikasema tutaendelea kipindi kijacho, maana kengele ilikuwa karibu (haikuwa karibu).

Jumamosi nikamfuata huyo babu, kijiji kimoja barabara ya kwenda Nyehunge. Nikampa shikamoo, nikamwambia nataka kisu cha kuwindia kama alichokuwa nacho babu yangu mzaa baba, aliyekuwa akiwinda nungunungu. Akanitazama kwa muda. "Unawinda nini wewe mwalimu?" Kweli, nitamwambia nini? Kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, bila leseni huwindi, na mimi hata kuku namkimbiza hadi nachoka. Nikasema kitachinja mbuzi. Akacheka, akaniambia kalete springi.

Hapo ndipo historia yangu ya ubaoni ilipoanza kuyumba. Kibanda chake ni nguzo nne na mabati. Fuawe yake ni kipande cha reli. Moto unapulizwa na feni anayoizungusha kwa gurudumu la baiskeli. Nyundo ni ya dukani. Koleo alifua mwenyewe kwa nondo. Kitu pekee kilichotoka ardhini kwetu pale ni mkaa.

Zamani chuma nacho kilitoka ardhini kwetu. Upande huu wa Geita na Biharamulo walikuwepo Warongo, mafundi wa kuyeyusha mawe ya chuma. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyewasoma, anaeleza kuwa hawakuwa kabila kwa maana tunayoizoea, bali chama cha kazi kilichopokea watu wa asili mbalimbali. Waliyeyushia porini, mbali na nyumbani, kwa miiko: wanawake wasikaribie tanuru, wanaume wajizuie na wake zao. Tanuru lenyewe lilichukuliwa kama mwanamke anayezaa chuma. Majembe waliyofua yalilima Usukuma, na jembe lilihesabika hata kwenye mahari.

Schmidt huyohuyo na mwenzake Donald Avery waliandika mwaka 1978 kuhusu Wahaya wa kando ya ziwa hilihili. Mwaka 1976 waliwaomba wazee ambao hawakuwa wameyeyusha chuma kwa zaidi ya miaka 50 wajenge tena tanuru, na wazee wakaweza. Walidai kuwa mirija ya udongo ya kupulizia, ikiwa imeingizwa ndani ya tanuru, ilipasha hewa moto kabla haijafika kwenye mkaa. Wataalamu wengine waliwapinga kwa hilo. Mimi sina ubavu wa kuamua, lakini ugomvi wenyewe unanifurahisha, maana wasomi hawagombanii kitu cha kijinga.

Sasa nini kilikufa? Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka pale meli zikaingiza mizigo ziwani mpaka Mwanza. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora nayo ikafika Mwanza. Majembe ya Ulaya yakashuka kwa bei ambayo mtu anayekata miti, anachoma mkaa, anachimba mawe na kulala porini siku kadhaa hawezi kushindana nayo. Kwa hiyo kuyeyusha kukakoma. Lakini reli na magari yaliyoleta majembe yalileta pia chuma kinachochakaa, na mfua chuma hakuhitaji tena tanuru, alihitaji lori lililoharibika. Mimi ubaoni nilichanganya kazi mbili nikaziita moja. Kuyeyusha ni kazi moja, kufua ni nyingine. Ya kwanza ilikufa, ya pili ikahamia kwenye skrepa.

Tena skrepa siyo chuma cha masikini. Springi ya Fuso mara nyingi ina kaboni karibu asilimia 0.6, ndiyo maana inakubali kukazwa. Nondo laini ina kaboni kidogo, ukiizamisha haikazi, utapata kisu cha kukatia maembe yaliyoiva. Chuma cha tanuru la zamani kilitoka kimechanganyika na uchafu, pengine kigumu, pengine laini, fundi akakigonga mpaka kitulie. Babu alisema baba yake alipopata springi ya kwanza alidhani amepewa zawadi.

Springi ile tuliipasha polepole kwanza ilainike, tukakata kipande kwa msumeno wa chuma. Kisha kupasha na kugonga, kupasha na kugonga, mkia wa kuingia kwenye mpini ukatoka, mgongo ukabaki mnene na upande wa makali ukawa mwembamba. Tupa ilinipa malengelenge mawili. Kisha moto wa mwisho. Banda alikuwa amelipunguza mwanga kwa magunia ili aione rangi ya chuma. Mimi kwa kiherehere changu, babu alipogeuka kuchukua debe la oili chafu, nikakichukua kisu kwa koleo nikakizamisha kwenye ndoo ya maji. Tiii! Ufa kuanzia kwenye makali mpaka karibu na mgongo. Maji yanapoza haraka mno chuma cha aina ile. Babu hakunigombeza. Alikiweka juu ya reli, akakigonga mara moja, kikawa vipande viwili.

Cha pili alikifanya mwenyewe, kwenye oili. Kikatoka kigumu lakini kingevunjika kama chupa, kwa hiyo akakisugua king'ae, akakirudisha juu ya makaa, akasubiri rangi kama ya majani makavu ipite kwenye makali, akakiondoa. Mpini wa mninga. Ninacho chini ya kitanda, roommate usiogope.

Wiki ya mwisho ya field nilimwomba mkuu wa shule ruhusa, nikaenda darasani na kile kilichovunjika, kimefungwa kwenye kitambaa. Nikafuta sentensi yangu, nikaandika mbili mahali pake. Kijana wa nyuma akaja mbele, akakishika, akatazama pale kilipovunjika.

"Mwalimu, hiki mlizamisha kwenye maji."

Nikamwambia ndiyo.

"Babu alikuwa wapi?"

Nikasema alikuwa amegeuka. Haya wadau, nina testi kesho saa 2 na sijafungua daftari.