Uzi Nyuma ya Kitufe

Kitufe cha kwenye skrini ni picha tu: mistari minne, rangi kidogo, na neno kama "Hifadhi". Chenyewe hakijui lolote. Kinaitikia kwa sababu kuna mtu aliyetangulia kuamua kwamba kikibofywa, msimbo fulani uamke. Kuunganisha kitufe na msimbo wake ni kazi ndogo, lakini historia yake inatuambia nani humsubiri nani.

Zamani programu ndiyo iliyouliza. Andika jina. Andika tarehe. Mtu alijibu kwa zamu aliyopangiwa. Mwaka 1973, watafiti wa Xerox PARC huko Palo Alto, Marekani, waliwasha Alto, kompyuta yenye kipanya na skrini ya picha. Taratibu mambo yakageuka: mtu hubofya apendapo, programu hungoja.

Uhuru wa mtumiaji ukawa mzigo wa mwandishi wa programu. Katika Windows ya kwanza, ya mwaka 1985, kitufe kilipobofywa, ujumbe ulipelekwa kwenye dirisha lililokibeba. Huko mwandishi alipaswa kuchambua ujumbe mmoja mmoja: huu ni wa kitufe kipi, na kifanyike nini?

Mfaransa Jean-Marie Hullot alipita njia nyingine. Kwa Interface Builder yake, iliyokuja na kompyuta za NeXT mwaka 1988, ulichora kitufe, kisha ukavuta mstari kwa kipanya hadi kwenye kile kitakachotenda kazi. Uzi ukawa umefungwa. Ni kwenye kompyuta ya NeXT ambapo Tim Berners-Lee, akiwa CERN mwaka 1990, aliandika kivinjari cha kwanza cha wavuti kwa miezi michache tu.

Mwaka 1991 Microsoft ikatoa Visual Basic: bofya kitufe mara mbili unapokiunda, na mahali pa kuandika msimbo wake panafunguka. Watu wengi ambao hawakuwa wataalamu wa kompyuta wakaanza kujitengenezea programu za kazi zao.

Lakini kadiri uzi ulivyokuwa rahisi kufungwa, ndivyo ulivyozidi kufichika kwa anayebofya. Leo tunabofya "Nakubali" mara ngapi kwa siku? Kidole ni chetu. Kitakachofuata kimeshaamuliwa na aliyefunga uzi, nasi hatukuwepo alipoufunga.